Koti la Baridi Katikati ya Kaskazi

Saa saba za mchana, jua limesimama utosini, nami nimesimama Darajani nimevaa koti la sufu linalofika magotini. Kijana muuza mitumba anazunguka nyuma yangu, ananivuta mabega, ananipandisha ukosi. "Limekukaa, ami. Kama umeshonewa." Jasho limeshaanza safari yake kutoka kisogoni kwenda kiunoni. Mama mmoja mwenye kikapu cha mchicha anasimama, ananitazama juu hadi chini, kisha anamuuliza muuzaji kana kwamba mimi sipo: "Huyu ana homa?"

"Anakwenda Ulaya," kijana anajibu, kwa fahari ya mtu anayesafiri yeye.

"Basi Mungu amsitiri," mama anasema, na kushika njia yake.

Tulianzia shilingi 45,000, tukaishia 30,000. Nilipolivua niliona kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi, kina maandishi ya Kijerumani. Nikacheka peke yangu. Koti limetoka kwao, limevuka bahari ndani ya robota, limekuja kuning'inia bure kwenye joto la Unguja, na sasa mimi ndiye nitakayelirudisha nyumbani. Nakwenda Hamburg kwa miezi mitatu, kuwasomesha Kiswahili watu wazima wanaotaka kujifunza. Tiketi imeshakatwa, viza imeshagongwa. Kilichobaki ni kungoja, na nimengoja Januari nzima katika mji ambao, ukiniuliza mimi, haukupata kujengwa kwa jambo jingine.

Januari ni kitovu cha kaskazi. Upepo unatoka upande wa Bara Hindi na Arabuni, mkavu na wa moto, na siku ambazo hautoki kabisa ndizo mbaya zaidi. Hapo ndipo watu husema kuna fukuto: hewa imesimama katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe kama maji ndani ya mtungi. Kipimajoto kinafika nyuzi 32 au 33, si nyingi kwa mtu wa Khartoum, lakini unyevu wa bahari unaziongeza uzito. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku. Kanzu inalowa mgongoni kabla hujafika msikitini.

Wageni wengi huikimbia hari hii, huja zao Julai na Agosti wakati wa kipupwe. Hawajui wanachokikosa. Kaskazi ndio wakati mji unapokula vizuri. Sokoni Darajani, katika jengo lile lililofunguliwa mwaka 1904, embe zimepangwa mafungu mpaka njiani: boribo zenye harufu inayokufuata hadi nyumbani, dodo zisizoshikika kwa mkono mmoja. Shokishoki zimefungwa vishada, nyekundu, zenye nywele, watoto wanazimenya wakitembea na maganda yanabaki nyuma yao kama alama za njia. Na kuna doriani. Ukiwa hujaiona utakuwa umeshainusa. Ukipanda nayo daladala, abiria hugawanyika papo hapo makundi mawili: wanaoziba pua na wanaouliza umenunua bei gani. Mimi ni wa kundi la pili. Mwezi huu nimekula doriani nyingi kuliko mwaka jana mzima, kwa hesabu ya mtu anayejua kwamba anakokwenda hakuna.

Januari pia ina usiku wake mmoja wenye kelele. Kuamkia tarehe 12, siku ya Mapinduzi ya mwaka 1964, fataki hupigwa usiku wa manane na watoto hukataa kulala. Kisha mji unarudi kwenye mpira, kwa sababu ni mwezi wa Kombe la Mapinduzi, na kila baraza ina makocha wake.

Hapo kwenye neno baraza ndipo hasa nilipotaka kufika.

Mtu asiyeujua Mji Mkongwe huona milango kwanza. Ndiyo inayopigwa picha: mbao zilizochongwa, misumari ya shaba, minyororo. Lakini tazama chini kidogo, kushoto na kulia kwa mlango. Kuna benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, limepakwa chokaa, limelainika kwa makalio ya vizazi. Hiyo ndiyo baraza. Haina mlango wala kodi. Mwenye nyumba hukaa, jirani hukaa, mpita njia aliyeshikwa na mvua hukaa, mbeba mzigo aliyechoka hukaa. Mji mwingine hujenga maduka, viwanja au minara na kujivunia hivyo. Sisi tumejenga mahali pa kukaa ukingoje, na tumepajenga kwa mawe ili pasiondoke.

Sababu yake imo ndani ya upepo huu huu unaonitoa jasho. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Oman, Ghuba na Kachchh, yakafika hapa kati ya Desemba na Machi yakiwa na tende, papa mkavu, mazulia na vyombo. Lakini chombo cha tanga kilicholetwa na kaskazi hakirudi na kaskazi. Kinangoja. Nahodha na mabaharia wake walishuka, wakauza, wakanunua karafuu na boriti za mikoko, wakakarabati tanga na kupaka ubavu wa chombo mafuta ya papa, na kisha hapakuwa na la kufanya ila kukaa mpaka upepo ugeuke na kusi ianze kuvuma. Wengine walioa. Wengine hawakurudi tena. Neno letu la msimu linatokana na Kiarabu, mausim, wakati maalumu wa jambo, na Wazungu walipolisikia katika bahari hii walilichukua wakalifanya jina la pepo zenyewe.

Kwa hiyo mtu anayengoja safari katika mji huu si mvivu wala si mzururaji. Ana wenzake wa miaka mingi. Nilipoanza kuwaambia majirani kuwa nasafiri tarehe 3 Februari, hakuna aliyeniuliza kwa nini bado natembea mitaani wakati nilipaswa kuwa nafunga mizigo. Walisogea kidogo kwenye baraza, nikapata nafasi.

Alasiri, joto likianza kulegea, nateremka Forodhani. Jina lenyewe linasema kazi yake ya zamani: hapa ndipo ilipokuwa forodha, ushuru ulipotozwa na mizigo kukaguliwa. Siku hizi ni bustani, ilitengenezwa upya mwaka 2009, na mzigo unaokaguliwa zaidi ni mishkaki. Saa kumi na moja wapishi wanaanza kupanga meza. Mashine ya miwa inalia, mtu anakunja muwa mara mbili, anaupitisha tena pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi. Nikinywa bilauri ya kwanza najiambia ya pili nitakunywa Mei.

Lakini Forodhani yangu mimi ni ukutani, kwa vijana wa makachu. Wanarudi nyuma hatua kumi, wanakimbia, wanaruka kutoka ukingo wa ukuta wa bahari, wanajikunja hewani, wanajikunjua, na wanaingia majini kwa kichwa, kwa kiuno au kwa bahati. Kila mmoja ana mtindo wake, na kila mtindo una wapinzani. Watoto wadogo wanasimama pembeni wakitetemeka kwa hamu, wakingoja siku yao. Vijana hawa hawana kalenda mfukoni, ila wanajua jambo moja kuliko sisi wote: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au umetimia, maji hujaa alasiri. Siku hizo ukuta hauna nafasi. Siku za maji mafu unawakuta wamekaa, miguu inaning'inia, wanatazama bahari kama mtu anayetazama duka lililofungwa.

Nyuma yao lipo Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Tulizoea kusoma saa kwenye mnara ule bila kujua kuwa tunausoma. Baada ya hapo jumba nalo likakaa barazani, likangoja mafundi wake.

Na hapo hapo pwani, kila nikikaa, hunijia mtu mmoja aliyetangulia safari yangu. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji. Agosti 1866 aliondoka kwa siri, usiku, kwa manowari ya Kiingereza, akiwa mjamzito. Akafika Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani aliyempenda huku Unguja, Heinrich Ruete. Mji aliokwenda kuishi naye ni huu huu ninaokwenda mimi, Hamburg. Hakuwa amewahi kuona theluji. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na lugha ambayo bado alikuwa anajifunza. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na mpaka leo ni miongoni mwa vitabu vinavyotuonyesha maisha ya ndani ya majumba yale.

Habari zake hazisimuliwi kwa sauti moja. Wako wanaomuona shujaa wa mapenzi, na wako wanaomuona mtoto wa kitajiri aliyeishi kwa jasho la watumwa na kuutetea utumwa huo kwa kalamu. Hamburg yenyewe iliyumba: mwaka 2019 uwanja mmoja ulipewa jina lake, kisha mji ukaamua kulifuta kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu watumwa. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sawa. Hata hivyo kuna jambo moja la Salme lisiloniacha. Alikufa Jena mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, na kwamba alizikwa nacho kule Hamburg.

Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa Forodhani, mchanga wenyewe ukiwa chini ya miguu yangu. Salme hakungoja. Hakuweza, maisha yake yalikuwa hatarini. Hakukaa na mtu barazani akasema naondoka siku fulani, nisameheni, niombeeni. Alirudi kutazama tu, mwaka 1885 na 1888, akakuta milango ya ndugu zake imefungwa. Aliyeaga vizuri habebi mchanga.

Usiku nakwenda Jaws Corner kunywa kahawa. Njia tano zinakutana pale, na kwenye makutano kuna mabaraza, televisheni, meza za dhumna na birika la shaba juu ya makaa. Kikombe ni kidogo kama kifuniko, kahawa ni chungu, kashata inakaa pembeni kuipoza. Dhumna hapa haichezwi kimya: kipande kinapigwa mezani kwa nguvu ili aliyeshindwa asije akadai hakusikia. Ukutani imetundikwa simu ya kizamani, na maandishi yanayokukaribisha kupiga nchi za nje bure. Waya wake hauendi popote. Watalii huipiga picha, sisi huitumia kwa mizaha.

"Ukifika huko, tutakupigia kwa hii," alinambia mzee mmoja aliyekuwa akipanga vipande vyake. "Wewe kaa karibu na dirisha tu, utasikia."

Mzee huyu alikuwa baharia wa meli za mizigo, zama za ujana wake. Nilipotaja Hamburg aliacha kupanga.

"Naijua. Bandari yake haiko baharini, maalim, iko mtoni. Unaingia mdomo wa mto asubuhi, unakwenda, unakwenda, unaona ng'ombe wanakula majani pembeni, unadhani nahodha kapotea njia. Mara winchi zinatokea." Alisema kweli. Hamburg iko kwenye mto Elbe, kilomita zaidi ya 100 kutoka bahari kuu, na bado ni bandari kubwa kuliko zote Ujerumani.

"Baridi yake vipi?"

"Baridi si adui. Utavaa. Adui ni kukaa ndani. Wenzetu hawana baraza. Mtu anatoka kazini, anaingia kwake, anafunga mlango, mpaka kesho. Ukifika tafuta pa kukaa mapema, kabla hujatafuta hata mkate."

Kisha akauliza naondoka lini, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Februari? Kwenda kaskazini? Unakwenda kinyume cha upepo, wewe! Wazee wetu wangekwambia kaa, kula embe, ngoja kusi." Wenzake wakadakia. Mmoja akasema ndege haijui msimu. Mwingine akasema ndiyo maana abiria wake hushuka wamechanganyikiwa: mwili umefika, roho bado iko bandarini Malindi inatafuta chombo.

Nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwaza. Hamburg na Unguja si wageni wa jana. Mnamo miaka ya 1840 na kuendelea, makampuni ya Hamburg yalikuwa na wawakilishi wao hapa, na mwaka 1859 miji ya kibiashara ya Kijerumani ilitia saini mkataba na Sultani wa Zanzibar. Walichokifuata kwanza kilikuwa kitu ambacho sisi tunachezea: kete. Simbi zile zilizookotwa kwenye fukwe zetu zilipakiwa kwa magunia zikapelekwa Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Sisi tulibaki na jina, tukaliweka kwenye bao. Kila mzee anayeokota kete zake barazani anashika kivuli cha biashara ile. Leo, tangu mwaka 2010, Hamburg ni mji dada wa Dar es Salaam, na maghala yake ya zamani ya matofali mekundu, ambako viungo vya nchi kama yetu vilihifadhiwa, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Mji Mkongwe ulitangulia, mwaka 2000. Basi nikifika nitakwenda kwenye maghala yale, nivute pumzi, nione kama ukuta unakumbuka karafuu.

Nyumbani, mizigo inafungwa na mama, si mimi. Ana umri wa miaka sabini na kidogo, na hana imani na nchi isiyopika kwa nazi. Tuna kilo 23 za kugawana mimi na yeye. Vitabu vya kusomeshea vilikuwa na kilo 9, akavitoa vitatu akaweka bizari, mdalasini, hiliki na chupa ya achari ya embe iliyofungwa kwa plastiki mara nne. Alitaka kuongeza ng'onda. Nikamwambia mama, harufu ya ng'onda ndani ya jengo la ghorofa la Wajerumani itaniletea polisi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi watakuja, utawakaribisha chakula."

Mwezi ni wa Shaabani, na Ramadhani itanikuta huko, wiki mbili baada ya kufika. Hilo ndilo pekee linalonipa uzito. Hari naweza kuiacha, embe nitazikuta mwakani, lakini nitafuturu vipi bila sauti ya jirani kubisha hodi na sahani iliyofunikwa kawa? Mama hakunijibu kwa maneno. Alichukua koti langu la Darajani, akalinusa, akakunja pua. Alilianika juani siku mbili, akalipiga vumbi, kisha akajaza karafuu katika mifuko yake yote, ya nje na ya ndani. "Zinaondoa harufu ya mtumba," alisema. Sikumwambia habari ya Salme na kifuko chake. Karafuu ni za kutumia. Zikiisha ndani ya chungu cha pilau kule, zimekwisha, na mimi nitakuwa karibu kurudi.

Nitarejea mwanzoni mwa Mei, masika ikiwa imepamba moto, vichochoro vimejaa maji, na kusi imeanza kuchukua nafasi yake. Ule ndio wakati majahazi ya zamani yalikuwa yakiondoka. Nitakuwa nimeugeuza msimu mzima juu chini, nimeondoka wakati wa kufika na kufika wakati wa kuondoka. Lakini kuna sehemu moja ya desturi sikuikosea: nimengoja. Nimekaa kwenye kila baraza iliyonipa nafasi, nimeomba radhi kwa niliowakosea, nimelipa deni la duka la pembeni, nimekula doriani mpaka mke wangu akanihamishia sebuleni. Ukiwa na safari, ndugu msomaji, na Mungu akakupa muda kabla yake, usiutumie wote kwenye maduka ya mabegi. Kaa kwanza.

Ndege inaondoka Jumanne, saa tisa za usiku. Leo ni Jumapili, mwezi umetimia, maji yatajaa alasiri. Nakwenda Forodhani kutazama makachu.